Modeste Anapimwa Kayaki

Mu jipe, Louise! Sketi kabisa! Mwanaume muzima na ndevu zake, mu jipe, katikati ya ziwa, anaita mama yake! Ngoja nivute pumzi, nianze mwanzo.

Unamujua Bonaventure, ule wa Kalundu mwenye kuvaaka vesti, koti ya heshima, hata jua ikichemsha ziwa? Bazungu babili balikuja kutembea ziwa na kayaki zao mbili. Mawimbi ikabachosha, bakapanda gari, bakamuachia zote. Moja ilikuwa mufupi, mupana kama beseni ya kufulia. Ingine murefu, mwembamba, mwekundu kama pilipili. Bonaventure akaziangalia sana. Hakuona kayaki. Aliona Modeste.

Modeste njo ule anatafutaka kuwa prezida wa kila kitu: komite ya wazazi, komite ya avenue, hata komite ya matanga ya batu hajui. Mali yake yote ni moto moja, pikipiki, na yenyewe ni ya bibi yake, mama Pudentienne, anapelekaka nayo ndagala, bale samaki badogo, ku soko ya Sange. Moto ikienda, watoto batakula sifa ya baba yao.

Bonaventure akafika kwake na metre ya mushonaji shingoni.

"Patron, simama wima."

Akamupima mukono, muguu, akazunguka tumbo pole pole, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mubaya.

"Iko nini?" Modeste akauliza.

"Watalii banakuja toka Bujumbura, patron. Banatafuta mukubwa wa kubaongoza. Na ukubwa unaonekana ku urefu ya kayaki. Ile mufupi ni ya mwanafunzi. Weye, kwa hii kipimo, uko mutu wa metre tano."

"Lakini iko mwembamba. Haitapinduka?"

"Inapinduaka batu bepesi. Weye uzito uko nayo."

Ukweli, Louise, iko kinyume. Ile murefu na mwembamba inakimbia na inaenda moja kwa moja, lakini kuigeuza ni kazi, inataka mutu wa kuzoea. Mwenye kuanza anapashwa ile mupana, yenye kutulia. Lakini nani alishaona mutu anaomba cheo cha kutulia? Bonaventure hakutaka feza. Alitaka moto tu. Modeste akakubali mbele ya kuuliza kama inaingiaka maji.

Saa ya kubadilishana, pale ku ziwa, batu balijaa. Mama Pudentienne akatokea, beseni ku kichwa. Hakupiga kelele, na njo pale Bonaventure alipashwa kukimbia.

"Ni muzuri," mama akasema. "Sasa onja."

"Nionje nini, mama?"

"Weye si wa hapa? Mwenye kutoa kasiksi, pombe ya ndizi, anakunywaka wa kwanza, mugeni asiwaze iko na sumu. Onja kayaki yako."

"Mama, kayaki haionjwake!"

"Basi iko na sumu."

Pwani yote ikashika wimbo: "Aonje! Aonje!" Ukikataa kuonja kinywaji yako, Louise, unajua, hakuna mutu atakunywa tena kwako. Bonaventure akavua vesti.

"Na hii?" mama akauliza, ameinua ile jipe ya plastiki bazungu banavaaka ku kiuno, banaifunga ku kitundu ya kayaki maji isiingie. "Iko ndani ya bei. Vaa."

Akavaa. Mama mwenyewe akamufunga muzunguko wote, kwa upendo, kama anavalisha bibi-arusi. Halafu akasukuma.

Sasa, Bonaventure anakaaka Kalundu, lakini alizaliwa Lemera, kule ku milima. Maji alizoea ni ya bidoni, ya kubeba ku kichwa. Upepo wa mulima ukamushika mugongo, ile pilipili ikatoka mbio, nyoofu, kuelekea Burundi.

"Geuka!" bavuvi bakalia.

"Inakataa!"

"Basi toka ndani!"

"Jipe inanishika! Mama weee!"

Na Modeste? Amesimama, mikono kiunoni, anaambia batu: "Muone vile inaenda nyoofu! Mashine!"

Mama Pudentienne akafunga kifunguo ya moto mu kitenge yake, akaingia mu kayaki mufupi na beseni yake, akauliza, "Hii iko na mwenyewe?" Akaondoka nayo. Tangu pale anakutana na bavuvi ndani ya ziwa, anachagua ndagala mbele ya bamama bengine kufunga hata kitambaa. Banamutukana sana. Na sasa banauliza ile kayaki inatokaka wapi.

Leo asubuhi, tuko kwa mama Pudentienne tunachambua ndagala, simu ya Modeste inalia. Bonaventure! Iko ng'ambo, muzima, sauti kama asali.

"Patron, kweli ile haikukufaa, nilikosea kipimo. Lakini huku nimeona ingine: ya viti mbili! Ya mukubwa na madame wake. Leta tu moto ku mupaka."

Modeste akashusha simu. Akaangalia ziwa. Akaangalia bibi yake, kwa sauti ya mutu wa kanisa akamuuliza:

"Pudentienne, kiti ya mbele ungeipenda weye, ao miye?"

Ile alijibu, Louise, nitakupa kesho. Mama yangu ananiita, na hii jibu haisemwake mutu amekaa.