Mabega Yangu na Mtafiti wa Hip Hop

Jumatatu, 3 Juni 2024
Bwana asifiwe. Amekuja hapa Kashaulili dada wa chuo kikuu, Josephina. Anasomea hip hop! Si kuicheza. Kuichunguza: imetoka wapi, ina maana gani kwa vijana wa Mpanda. Anatafuta mtu mzima wa kumweleza, na jina lake litaingia kitabuni. Jirani yangu Generosa keshamkaribisha chai. Huyo huyo anayewaachia wahuni uwanja wake wacheze! Hapana. Jina litakuwa langu.

Jumatano, 5 Juni
Nimemwahi. Nimemwambia hip hop ni ngoma yetu ya Kisukuma iliyopotea njia: makundi mawili uso kwa uso, watu wakihamia upande mmoja, huo umeshinda. Ameandika mpaka jasho. Akauliza kama kwangu kuna anayecheza. Nikasema thubutu, nyumba hii imeokoka. Jumamosi atajionea mwenyewe: kwaya yangu ya kanisani na wahuni wa Generosa, uso kwa uso.

Jumamosi, 8 Juni
Ee Mungu wangu. Ubeti mmoja tu, watu wote wakahamia kwa wahuni. Mume wangu Kija naye, tena na kiti chake! Kule katikati msichana wa kofia anarusha mabega, vumbi juu. Kofia ikadondoka. Kabula! Binti yangu, niliyemtuma mashineni kusaga! Josephina akaniuliza kama namfahamu. Nikasema simjui, labda mgeni kutoka Kasekese. Akaenda kumuuliza mwenyewe mabega yale kayatoa wapi. Mtoto akajibu, kwa mama yangu, huwa anacheza jikoni akisonga ugali, anadhani haonekani. Josephina nusura aruke. Akasema, huyo mama ndiye ninayemtafuta, yuko wapi? Kabula akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu. Generosa akajisogeza, eti huyu ni mwanangu, nimemlea mimi. Generosa! Mabega magumu kama mlango! Kabula akaokota kofia yake, akaivaa.

Jumapili, 9 Juni
Mahubiri yalikuwa ya Petro na jogoo. Nimemsikitikia sana Petro, mtu mzima vile. Kabula hajaniamkia. Kija anasema, mama Kabula, nenda ukaseme ukweli, mtoto anaumia. Kweli kabisa. Kesho asubuhi naenda kwa Josephina kumwambia Generosa ni mwongo, mabega ni yangu. Akitaka nitayatikisa hapo hapo. Ila Kabula akitokea na ile kofia yake, simjui.