Meja, Baba wa Mbwa Wote wa Kajiado

Jumatatu, 28 Desemba 1998

Umaskini, kwaheri! Leo nimempata Meja. Mbwa wa kuchunga kondoo, mweusi, kifua cheupe, ametoka kwa mzungu wa ranchi moja nyuma ya Kisaju aliyerudi kwao. Alimwachia mpishi wake, Maundu. Maundu alitaka kitu kimoja tu badala yake: cherehani ya mke wangu Caren. Nikampa. Caren nimemwambia iko kwa fundi, inatiwa mafuta. Amekunja uso. Vitambaa vya yunifomu vimejaa mezani na shule ziko karibu kufunguliwa.

Atanishukuru. Meja atapandana na Ngiro, jike la mwenye nyumba wetu, Mzee Tajeu. Watoto watazaliwa na kazi ndani ya damu. Wafugaji kutoka hapa Kitengela mpaka Magadi watapiga foleni langoni kwangu! Musila, jirani, amechungulia juu ya ua na kuuliza kama hii ni ile biashara ya sungura tena. Mtu ambaye mbwa wake anaogopa kuku hana la kuniambia.

Jumatano, 30 Desemba

Tumeenda kwa Mzee Tajeu. Nilimsalimu "Sopa" kwa Kimaasai fasaha, akaitikia "Epa", nikamfundisha habari za mbegu bora. Alisikiliza vizuri. Akasema Ngiro hachungi. Kazi yake ni kulala mchana na kubweka fisi akija. Kondoo huenda kwa mluzi, kila kundi na mluzi wa mwenyewe. Nilimhurumia. Dunia inaenda mbele, jamani!

Kisha akainama, akamtazama Meja kwa nyuma. Akaniuliza kama huyu ndiye bwana harusi. Nikasema ndiye. Akauliza tena. Nikasema, mzee, ndiye! Akamwita mkewe Nashipae alete chai. Amekubali, lakini kwanza anataka kuona kazi.

Ijumaa, 1 Januari 1999

Sijui nianzie wapi.

Mahali: kisimani Kisaju, mifugo ikinywa maji. Kundi la Mzee Tajeu, na mengine mawili ambayo hayakuwa kwenye mpango wangu. Mimi kupiga mluzi sijui, kwa hiyo nilibeba filimbi ya refa. Nikapuliza.

Meja akalala chini. Akaanza kutambaa, macho yamekaza. Mungu wangu! Kondoo wa hapa hawajawahi kutazamwa hivyo na kitu kisichotaka kuwala. Nashipae akapiga yowe kwamba ni chui. Kondoo wakatawanyika pande zote! Meja akawafuata, akawazunguka, akayafanya makundi matatu kuwa moja, akawaingiza wote kwenye ua wa kanisa katikati ya maombi ya Mwaka Mpya. Nikapuliza filimbi asimame. Akaleta na mbuzi wa mchungaji wa kanisa.

Nilijua nimekwisha. Nani atawatenganisha? Nikaona nyumba imeenda, na Caren ameenda nayo. Lakini wenye makundi walisimama tu, kila mmoja upande wake, wakapiga miluzi. Kundi likachambuka lenyewe! Kila kondoo kwao. Mdomo ulibaki wazi. Na Meja? Alifuata mluzi wa Mzee Tajeu, akaketi miguuni pake. Mimi nilikuwa napuliza mpaka mashavu yanauma.

Mzee alicheka mpaka akajifuta machozi. Akasema Meja abaki kwake siku mbili na Ngiro, kama bado nataka. Kama bado nataka!

Jumapili, 3 Januari

Msiba.

Nilimfuata Meja baada ya kanisa. Yeye na Ngiro wamelala wamepeana migongo, kama wazee waliooana zamani. Halafu nani anatoka nyuma ya boma akijilamba? Mbwa wa Musila! Yule wa kuogopa kuku! Nashipae akasema ameshinda hapo tangu jana na kazi imekwisha. Nikauliza Meja alikuwa wapi. Akasema alikuwa anatazama.

Nikamrudisha nyumbani. Caren alikuwa anamwosha, akaniita. Akasema, "Baba Adero, hii mbwa yako ni maksai."

Nikainama. Nikatazama. Nikakaa juu ya ndoo. Mzungu alimhasi! Caren akasema ameona tangu siku ya kwanza, alidhani najua. Mzee Tajeu aliona. Musila aliona kutoka juu ya ua! Ni mimi tu niliyekuwa nikitazama kichwani, kwenye akili.

Kisha Caren akasema kwa sauti ya chini kwamba amepita kwa fundi, na fundi hajaiona cherehani yoyote tangu Krismasi. Nikamweleza. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Amechukua sindano na uzi, anashona kola kwa mkono. Anaongea na mbwa tu. Imeniuma sana.

Jumanne, 5 Januari

Mungu si Athumani! Mzee Tajeu amempenda Meja, amemchukua, na amenipa kondoo jike mnene. Alisema wazi ni kwa ajili ya Caren, si yangu. Maundu amekubali: nikimletea kondoo, cherehani inarudi leo. Caren aliposikia alinipikia chai. Ya maziwa!

Nikashika njia na kondoo wangu. Karibu na soko la Kisaju nikakutana na mtu kutoka Rombo akimvuta mnyama ambaye sijawahi kuona. Masikio ya punda, urefu wa farasi, nguvu kama trekta. Akaniambia baba yake ni punda na mama yake farasi. Damu mbili! Lakini mimi si mjinga wa kurudia kosa. Niliinama kwanza, nikatazama vizuri. Kila kitu kipo! Tukabadilishana papo hapo.

Nimemfunga nyuma ya nyumba. Caren bado hajatoka nje. Namsikia akipanga meza mahali pa cherehani. Mzee Tajeu amepita, ameniuliza swali moja tu, kama nimewahi kumwona mtoto ambaye baba yake ni mnyama kama huyu. Nimemjibu sijawahi, hata mmoja, Kajiado nzima. Sasa nani atashindana na mimi?