Mti wa Kumpelekea Baba Mkwe

Jumapili, 9 Juni 1996. Majengo, Mpanda.

Nimepata! Andazi la leo lilifungiwa ukurasa wa gazeti la kigeni, na humo kuna picha: mti mzima, shina nene, mizizi, matawi, umekaa ndani ya sahani! Urefu wake kama chupa ya soda. Umeandikwa bonsai. Mengine sikuyaelewa, lakini picha inatosha.

Silvesta fundi baiskeli atanikoma. Sote wawili tunamtaka Épiphanie wa Katumba, na baba yake, Mzee Sixte, kasema atatoa jibu kabla ya Krismasi. Silvesta atapeleka jembe na pombe kama kila mtu. Mimi nitapeleka mti kwenye sahani. Nani atakumbukwa?

Jumanne, 11 Juni

Nimekata vijiti kwenye lile ua la mapokezi pale gesti. Mhudumu aliuliza nafanya nini. Nikasema nakagua wadudu. Akanishukuru!

Vinatoa maziwa meupe. Shangazi Josefina, ninayeishi kwake, kasema hilo ua ni ndugu yake mti wa mrumba wa kwenye uzio, ukichomeka popote linashika, hakuna cha utaalamu hapo. Wivu tu. Nimevichomeka kwenye kopo la mafuta, mchanga na samadi kidogo.

Jumamosi, 3 Agosti

Vimeshika vyote! Ila vyembamba mno, na shina la pichani ni nene kama mkono. Nikafikiri. Nikavisuka pamoja kama nywele, nikavikaza kwa mpira wa tyubu ili vigandane viwe shina moja. Akili nyingine hizi!

Tyubu kanipa Silvesta mwenyewe, bure, pamoja na waya wa breki wa kupindia matawi. Aliuliza ni wa kazi gani. Nikasema mtego wa panya. Akanitakia mafanikio, maskini.

Sahani nayo tayari. Bakuli la shangazi la wageni, lile la bati lenye maua, nimelitoboa kwa msumari ili maji yatoke. Jioni alilitafuta nyumba nzima. Nikamsaidia kutafuta.

Jumapili, 20 Oktoba

Balaa! Nilipunguza mizizi ili uenee kwenye bakuli, nikauficha uvunguni shangazi asiuone, majani yote yakapukutika. Sikula siku hiyo. Nikautoa juani, nikauomba radhi (hakuna aliyesikia), na sasa umechipua upya, majani madogo kuliko mwanzo. Yaani kama vile nilikusudia. Nadhani nilikusudia.

Jumapili, 17 Novemba

Siku yangu! Nimefika Katumba kwa baiskeli ya kukodi, ya Silvesta, mti nimeufunga kwenye karia. Wazee wamekaa na mirija yao kwenye chungu cha pombe. Nikafunua kanga. Wakasogea wote.

Mzee Sixte akachuma jani, akayaona maziwa, akauliza kama huu si umuvumu, ndivyo wanavyouita mrumba kwao. Nikasema ndiyo mzee, ukoo huo huo. Akauliza utakua lini. Hapo ndipo nilipong'ara! Nikamwambia hautakua kamwe. Mizizi nimeikata, matawi nimeyafunga waya, na hata wajukuu zake, Mungu akipenda, wataukuta hivi hivi ulivyo.

Wakaiacha mirija. Heshima iliwazidi.

Kisha mzee akaufungua waya, taratibu, tawi kwa tawi. Akaukata ule mpira. Akaitisha jembe (la Silvesta!), akaupanda mti langoni, akanirudishia bakuli. Akasema, "Kijana, nenda, usije ukakutwa na giza." Jua lilikuwa utosini, lakini nimethamini anavyonijali. Zawadi yangu imepandwa langoni! Ya Silvesta imetumika kuchimbia shimo tu.

Jumatatu, 18 Novemba

Épiphanie kanikuta mashine ya kusaga. Silvesta amekubaliwa.

Kasema walipoingia nchi hii wakiwa wakimbizi, mwaka sabini na mbili, hawakuwa na kitu. Kabla hajajenga, baba yake alichomeka kijiti cha umuvumu pale langoni, ili mji ukue pamoja nao. Kila mtoto akizaliwa humpeleka kuuona ulivyokua. Nami nimemletea uliokatwa mizizi na kufungwa waya, nikaapa mbele ya wazee kwamba hautakua hadi kwa wajukuu.

Halafu kasema jana asubuhi baba yake alimuuliza anamtaka nani. Naye akanitaja mimi. Akajitwisha unga wake akaondoka.

Imeniuma sana. Hata ugali umenishinda.

Jumamosi, 30 Novemba

Nimetafakari na kosa nimeliona: aina ya mti! Mzee ana lake na umuvumu tu, mingine haina neno.

Harusi ni Januari na mwaliko nimepata. Siwezi kwenda mikono mitupu, watu watasema nina kinyongo. Nimechukua mche wa mlimao, nimeukata mizizi, nimeukaza waya barabara. Hotuba pia iko tayari. Nitasimama mbele ya wageni wote, niuinue juu, niwaombee maharusi wabaki kama mti huu: hivyo hivyo walivyo, wawili tu, miaka yao yote.

Safari hii Mzee Sixte lazima atoe machozi.