Kadi za Kiingereza na Kiti Chenye Mto

Jumatatu, 3 Juni
Siku njema hii! Bosi ametukusanya karakanani. Anatafuta mtu wa kukaa mbele, kwenye chumba cha maonyesho, apokee wateja. Wageni wamezidi. Wanaingia, wanapapasa makabati, wanauliza, sisi tunacheka, wanaondoka. Atakayekijua Kiingereza cha kawaida ndiye atakayekaa. Kuna kiti chenye mto. Kuna feni! Mimi nimepiga msasa mpaka nikipiga chafya natoa unga wa mbao. Nafasi ni yangu. Mpinzani ni mmoja tu, yule anayepaka vanishi, tunayemwita Profesa kwa sababu anavaa miwani. Miwani yenyewe haina vioo.

Jumanne, 4 Juni
Shemeji, mdogo wake mke wangu, ni mwalimu wa shule ya msingi. Ameniletea kadi. Upande huu neno la Kiingereza, upande wa pili la Kiswahili. Pia sanduku lenye vyumba vitatu. Ukilijua neno, kadi inahamia chumba cha mbele, unaulizwa tena baada ya siku kadhaa. Ukilijua tena inasogea cha mwisho, inakaa huko muda mrefu. Ukikosea inarudi cha kwanza, kesho unakutana nayo. Amesema haba na haba hujaza kibaba. Nimemshukuru sana. Lakini mimi si wa haba na haba. Nimeona wazi kwamba kadi za chumba cha mwisho hazimsumbui mtu. Alipotoka tu, nimezitia zote humo. Nimemaliza Kiingereza kabla ya chakula cha jioni.

Jumatano, 5 Juni
Mke wangu amefungua sanduku, akaguna. Amezirudisha zote chumba cha kwanza, akaanza kuniuliza huku akikata vitunguu. Spoon? Nikasema sabuni. Soap? Nikasema supu. Soup? Nikasema macho yananiwasha kwa vitunguu. Amenionea huruma. Akabaki nazo peke yake, anazinong'oneza na kuzihamisha vyumba. Sijamkataza. Kila mtu na starehe yake.

Alhamisi, 6 Juni
Msiba! Profesa amemwamkia paka wa karakana kwa Kiingereza. Paka ameitikia!

Ijumaa, 7 Juni
Dawa ya moto ni moto. Nimetengeneza kadi nyingine, za Profesa. Kwenye chair nimeandika meza. Kwenye table, kiti. Kwenye door, dirisha. Zile za pole na asante nimezigeuza pia. Nimeziandika polepole, kwa mwandiko wa kuvutia, huku nikisoma kwa sauti ili nisikosee kukosea. Nimempelekea kama zawadi. Amenikumbatia. Amesema hakujua kama nina moyo wa namna hii. Hata mimi sikujua.

Jumatatu, 10 Juni
Profesa hajasoma hata kadi moja. Amezikunja na kuziweka chini ya mguu wa benchi lake lisiyumbe. Jasho langu lote!

Baya zaidi, jioni mke wangu ameniuliza chair. Nikajibu meza, harakaharaka, bila hata kufikiri. Door? Dirisha! Zimenikaa kichwani kama gundi ya mbao. Mke wangu amesema kwa kweli ni mara ya kwanza kuniona nimelishika jambo sawasawa. Sikumweleza. Ya kaburi aijuaye maiti.

Jumatano, 12 Juni
Nitaandika yote.

Bosi alikuwa ametoka. Akaingia mgeni, mzee mrefu mwenye suruali nyeupe. Profesa alimkimbilia, akamwambia good morning. Ilikuwa mchana. Mzee akauliza jambo. Profesa akarudia good morning. Nikaona bahati yangu hiyo. Nikasogea, nikainama, nikatoa sentensi nzima: "Sit on table, please!"

Mzee alinitazama. Akaitazama meza. Ni mtu mwenye adabu. Akakaa.

Meza ilikuwa imetoka kupakwa vanishi na Profesa.

Alipotaka kusimama, meza nayo ikataka kusimama. Profesa akavuta mkono mmoja, mimi mwingine. Nikamwambia thank you, thank you, nikijua ndiyo pole. Mzee akawa mwekundu kama pilipili.

Hapo ndipo mke wangu akaingia na bakuli langu la chakula. Akatuangalia, akaweka bakuli chini. Akamwambia mzee kwa upole, "Sorry, sir. Slowly. One leg." Akaomba tapentaini, akamnasua kwa kitambaa. Akamletea kiti. Akamletea maji. Wakazungumza! Maneno madogomadogo, ya kwenye kadi, lakini kila moja lilikaa mahali pake. Bosi aliporudi alimkuta mzee anacheka na kuchagua kabati la jikoni. Ile meza ameichukua pia, amesema wameshazoeana.

Ijumaa, 14 Juni
Mke wangu amekaa kwenye kiti chenye mto. Bosi amesema hakuna cha kujadili. Profesa amenuna, mimi sijanuna. Mchana ameniita, akanigeuzia feni, tukala pamoja. Upepo mtamu! Nilimtazama nikajisikia fahari mpaka tonge likanipalia.

Jumapili, 16 Juni
Nimelala, nimeamka, nimefikiri. Nani alileta Kiingereza ndani ya nyumba hii? Mimi. Mwanafunzi wangu wa kwanza kapata kazi ndani ya siku chache tu! Kumbe kipaji changu si kujifunza, ni kufundisha. Nimechukua ubao wa mninga, nimeupiga msasa vizuri, nimepaka rangi nyeupe, nimeandika kwa herufi kubwa: ENGLISH HERE. I LEARN YOU FAST.

Mke wangu ameusoma, akashika fremu ya mlango, akacheka mpaka machozi. Kwa furaha, bila shaka. Amesema anakwenda sokoni mara moja, nisiupigilie hadi arudi, kuna kitu kidogo angependa turekebishe pamoja.

Nimeshaupigilia. Misumari ya inchi nne. Hautoki.