Mawe Kwenye Begi la Mkwe

Jumanne, 4 Agosti

Tumefika kisiwani. Mvua. Jua. Mvua tena. Hali ya hewa isiyo na msimamo, kama shahidi aliyehongwa.

Nayaandika haya nikiwa na akili timamu, ingawa moyo wangu, kwa maneno ya daktari, unafanya kazi kwa hisani tu. Nikifia huku, mkwe wangu, mume wa binti yangu, aulizwe kwanza.

Sababu? Wazo la likizo hii ni lake. Nilikuwa hakimu mpaka nywele zikanihama. Naijua sura ya mtu mwenye hatia. Huwa ya upole. Na mkwe ni mpole kuanzia asubuhi mpaka jioni. Kanibebea sanduku. Kanichagulia chumba kisicho na ngazi. Kaniuliza kama nimelala vizuri! Swali la nini hilo, kama si upelelezi?

Mchana binti yangu akatoa ya moyoni. Anataka nihame kwangu, nikakae kwao. Eti tangu nilipoanguka bafuni hapati usingizi. Nikamwambia sikuanguka, niliketi ghafla. Tukabishana mpaka chakula kikapoa. Mwishowe tukapatana: keshokutwa kuna matembezi ya msituni hadi kwenye maporomoko ya maji. Nikifika kwa miguu yangu, nabaki nyumbani kwangu, na ufunguo wangu, na kile kiti cha dirishani alichokuwa akikikalia mama yake. Nikishindwa, nahama bila kinyongo. Hakuna rufaa.

Mkwe alinimiminia chai. Utulivu wa mtu anayepima jeneza kwa macho.

Jumatano, 5 Agosti

Mazoezi. Kutoka kitandani hadi mapokezi, kupitia kila kochi lililopo njiani. Kwenye kochi la mwisho nikamkuta mama mmoja, nesi mstaafu, amenizidi umri na ana miguu ya korongo. Naye anakwenda msituni. Akauliza kama mkongojo wangu ni wa kutembelea au wa kutishia watu. Nikasema vyote viwili. Simwamini.

Kisha, ushahidi! Niliwaona mkwe na mwongoza watalii bustanini, wamesimama karibu karibu kama wezi wa kuku. Mwongozaji huyu huvaa firimbi shingoni, basi namwita Firimbi. Mkwe akanionyesha kwa kidevu. Firimbi akaitikia kwa kichwa. Niliyaona yote nikiwa nyuma ya gazeti la mwezi uliopita. Kusikia sikusikia, maana kifaa cha sikio nilikisahau chumbani.

Jioni Firimbi akatueleza taratibu. Kila mtu na maji yake, kila mtu na koti la mvua. Halafu akatangaza kwamba mimi ndiye nitakayetangulia, nyuma yake yeye mwenyewe. Nikavimba kama chura. Nikadhani wametambua cheo. Nesi akaniharibia: msituni, alisema, anayewekwa mbele ni mwenye mwendo wa pole kuliko wote, ili wengine wamfuate yeye na asiachwe.

"Hongera," akaniambia. "Kesho sote tutakwenda mwendo wako."

Kumbe! Macho ya wote mgongoni mwangu, na binti akihesabu kila nikihema. Hii ni kazi ya mkwe, hakuna mwingine. Dawa yake ni moja: apatikane mtu anayekwenda vibaya kuliko mimi, awekwe mbele kwa haki. Nimekwisha kumteua.

Matuta ya maua ya hoteli yamezungushiwa mawe. Mazuri, ya mviringo, mazito.

Alhamisi, 6 Agosti. Jioni

Asubuhi mkwe alipiga magoti kunifunga kamba za buti. Hana aibu. Begi lake lilikuwa kitandani, karibu na mkono wangu. Nikayatumbukiza mawe chini kabisa, nikayafunika kwa soksi zake.

Msitu! Giza la kijani. Mvua ikikatika juu, chini ya miti bado inanyesha. Mizizi imelala njiani kama miguu ya watu kwenye mabenchi ya mahakama. Ruba wanaotafuta damu. Nilitangulia, nikisimama kila mara kustaajabia majani. Firimbi akaona napenda majani, akanitajia jina la kila moja. Nyuma nesi alikuwa akipiga mluzi.

Tulipopumzika, dawa ikafanya kazi. Mkwe alijitupa kwenye gogo, jasho linamtiririka. Akafungua begi atoe maji. Akatazama ndani kwa muda. Akalifunga. Mimi nilikuwa natazama ndege. Kisha akamwambia Firimbi kwamba magoti yanamsumbua, afadhali atangulie yeye, na mimi nikae popote nipendapo.

Ushindi! Nesi alimcheka mpaka akashika mti. Mwanamume mzima, alimwambia, unashindwa na mzee mwenye mguu mmoja kaburini. Binti akanitazama kwa heshima ambayo sijaiona tangu alipokuwa akipanda mabegani mwangu.

Tukaenda kama konokono. Raha tupu. Lakini sikutosheka, hapa nakiri. Nyuma hakuna anayekutazama. Niliona kijia kikikata kushoto, kuelekea kwenye sauti ya maji. Nikawaza: nitawasubiri huko mbele, nimekaa juu ya jiwe, mguu juu ya mguu.

Kijia kilikuwa cha nguruwe. Kilipita chini ya kila kitu. Nikateleza. Nikaketi ghafla, kwenye tope hadi kiunoni. Mkongojo ukashuka zake bondeni. Sauti ya maji ikawa pande zote, na moyo ukaanza kudai likizo yake. Nikaita. Ikatoka sauti ya paka aliyefungiwa kabatini. Nikamwita na marehemu mke wangu. Si kwamba angeweza kunivuta. Nilitaka tu mtu anayenijua.

Aliyekuja ni mkwe. Peke yake, wengine kawaacha waendelee na Firimbi, amelowa chepechepe, begi mgongoni. Nikajua saa yangu imefika, na huyu amekuja kuitimiza. Basi nikakiri, kama wanavyokiri wote wakiona kitanzi. Nikamwambia mawe niliyatia mimi.

"Najua, Baba," alisema, akiniingiza mikono makwapani. "Niliyaona pale kwenye gogo."

Nikamuuliza mbona hakuyatupa.

"Ningeyatupa ningetembea vizuri. Wewe ungerudishwa mbele."

Nikamshika mabega. Mara ya kwanza maishani mwangu.

Akanibeba mgongoni, begi akalivaa kifuani. Kila hatua nikasikia mawe yangu yakigongana. Nikamwambia basi ayamwage sasa. Akaniuliza atayamwaga kwa mkono gani, yote miwili imenishika mimi.

Kabla ya kona ya mwisho akanishusha. Akanifuta tope usoni kwa leso yake, akanivunjia tawi la kushika. "Tangulia, Baba."

Nikatokea kwenye maporomoko kwa miguu yangu. Binti akalia. Firimbi akapuliza firimbi. Nesi akasema amewahi kuosha maiti zenye rangi nzuri kuliko yangu, lakini alipiga makofi. Mkwe akawaambia tulichelewa tukitazama ndege.

Nyumba ni yangu. Binti hakukata rufaa.

Ijumaa, 7 Agosti

Mwili wote unauma. Akili safi. Nimeipitia kesi upya.

Mtu ametiliwa mawe. Anajua. Anayabeba msitu mzima, hasemi, kisha anambeba na aliyeyatia. Anataka nini? Nyumba? Angeniacha topeni aipate. Basi analotaka ni kubwa kuliko nyumba. Nimehukumu watu wengi. Mtu mwema kiasi hicho hajawahi kuletwa mbele yangu.

Asubuhi kaja na chai na mkongojo wangu. Alirudi bondeni kuutafuta. Tena ameuosha! Kielelezo kingine.

Nilimwambia asante. Binti karibu adondoshe kikombe.

Mchana huu tunakwenda kutembea ufukweni. Mkwe atanishika mkono, eti mchanga unazamisha miguu. Sawa. Alipoingia kuoga nimemtia jiwe kwenye kiatu cha kushoto. Dogo tu, la mviringo. Si kwa ubaya. Nataka nione kama atalitoa.