Mkaguzi wa Kilima cha Muthoki

Ndululu alikuwa akinywa chai ya kununuliwa na watu wengine katika hoteli moja ya Sultan Hamud alipomsikia dereva wa lori akisema kontrakta wa barabara ya Mombasa anatafuta kokoto usiku na mchana, na kwamba kilima cha mama mmoja aitwaye Muthoki, hapo tu kando ya lami, ni mawe matupu. Kilichobaki ni kibali cha kuchimba. Ndululu akaweka kikombe chini. Neno kibali lilimnukia kama nyama choma.

Tumtambulishe kwa heshima zake. Huyu ndiye aliyewauzia wakulima wa Kikima dawa ya kuongeza maziwa, na dawa yenyewe ilikuwa magadi. Hakimu wa Machakos alimwonya kwamba akiletwa tena mbele yake atamfunga mpaka mvi zimwote. Kwa hiyo kazi hii ilitakiwa iishe upesi, kabla koplo wa kituo cha polisi hajasikia.

Kesho yake alivaa Kaunda suti, akabana faili tupu kwapani, akapanda kilima. Muthoki alikuwa mjane, mshiriki wa kanisa na mwenyekiti wa mwethya, kile kikundi cha majirani wa kulimiana mashamba na kuchimbiana mitaro. Alikuwa akipepeta maharagwe. Sisi wanaume wa hapo tulikuwa kivulini, tukimsaidia kwa macho.

"Mama, mimi ni mkaguzi wa machimbo. Nimeleta masharti ya kibali."

"Karibu, bwana mkaguzi. Tusomee."

Ndululu alifungua faili lisilo na kitu akasoma bila kukwama yale aliyowahi kuyasikia kwa madereva wa machimbo mengine. Shimo likae mbali na lami. Ukuta wa mawe usimame katikati, jiwe lisije likaruka likavunja kioo cha basi. Mtaro uchimbwe, mvua isipeleke tope barabarani. Miti ipandwe. Yote hayo kabla kokoto ya kwanza haijauzwa.

"Na yasipofuatwa," akaongeza akitugeukia, "kila mwanaume wa kilima hiki atajibu kortini."

Tulisimama wote. Wengine tulivua kofia, na mmoja wetu, simtaji kwa kuwa ni mimi, alimpigia saluti.

Ndululu alimsogelea Muthoki, akapunguza sauti. "Lakini mama, iko njia fupi. Mkaguzi pia ni mtu, anakunywa chai."

"Hiyo njia fupi mimi siijui, bwana mkaguzi. Tutaenda na ile ndefu. Wewe kaa hapa uangalie."

Asubuhi mwethya ulijaa. Kwa kawaida huja wanawake, sisi tukibaki nyumbani kulinda kuku. Siku hiyo tulikuja wote na sururu zetu, tena mapema, kwa kuogopa korti. Ukuta ukapanda. Ndululu aliona chai yake ikifukiwa hivi hivi, akatangaza kwamba ukuta lazima uongezwe kimo mara mbili. Wanawake wakaanzisha wimbo, ukaongezwa. Akasema maji yamwagwe kila siku, vumbi lisiwazibe macho madereva. Punda wakaletwa na mitungi.

Mtu mwenye akili angejiondokea. Ndululu alikuwa na ujanja, na ujanja haukumruhusu kushindwa na mjane. Halafu alikuwa amekula. Kwenye mwethya, anayekula isyo, yale mahindi na maharagwe ya sufuria kubwa, hushika kazi, na anayekaa kutazama hutozwa mbuzi. Ndululu alikuwa amekula, akaongezewa, na mbuzi hakuwa naye. Alivua koti la suti, akabeba mawe pamoja na sisi mpaka Ijumaa.

"Liko sharti la mwisho," alisema siku hiyo, akishika kiuno. "Lazima awepo mtu wa bendera pale barabarani, asimamishe magari lori likitoka. Na awe mtu wa ofisi yetu. Kumpata ni miezi mingi, mama. Ama tutumie ile njia fupi."

Muthoki alifikiri kidogo. "Si wewe ni wa ofisi? Simama tu wewe, mpaka huyo mwingine aje."

Ndululu alipewa leso nyekundu na fimbo, akashuka barabarani.

Hakukaa sana. Landrova ilisimama mbele yake, akashuka bwana mmoja wa serikali, na nyuma yake koplo wa kituo. Ndululu aliinua leso juu zaidi.

"Ndululu," koplo alisema. "Unafanya nini hapa?"

Uongo wote aliokuwa nao ungempeleka jela. Ikabaki kweli, na hakuwa ameizoea.

"Mimi ni mtu wa bendera, afande."

Koplo alitazama leso, akatazama malengelenge mikononi mwake, akakosa la kumshtaki.

Yule bwana alizunguka machimbo, akampa Muthoki mkono. "Hongera, mama. Masharti niliyokuletea mwaka jana umeyatimiza yote, tena ukuta umezidisha. Si ulisema wanaume wa hapa wamekataa kufanya kazi?"

"Walikataa, mpaka akaja mkubwa wa kuwatisha."

Sisi tulitazama viatu vyetu.

"Basi kibali ni chako. Lakini mtu wa bendera akiondoka, nafunga."

"Haondoki," koplo alisema. "Nitakuwa nikipita kumwona."

Landrova ilipoondoka, Ndululu alimwendea Muthoki polepole, akamkabidhi fimbo. "Mama, ulijua lini?"

"Siku ile ile. Mkaguzi namjua, ameshakunywa chai ya kikombe hapa kwangu. Wewe nilitaka kukufukuza, halafu nikaona vile hawa wamevua kofia." Akamrudishia fimbo. "Lori la kontrakta hilo linaingia. Nenda usimamishe magari."

Ndululu alienda. Tungemcheka, lakini yeye alidanganywa na Muthoki peke yake. Sisi tulidanganywa na wote wawili.