Kahawa Imeiva, Vijana Wako Fesibuku

Jumatatu, 5 Oktoba 2009

Kahawa imeiva yote kwa mpigo, kama imepigiwa kengele. Wa kuchuma hakuna. Vijana wa Masama wamekwisha. Huyu anaendesha pikipiki, yule anabeba mizigo ya wazungu mlimani, wengine wako Mererani wanachimba mawe. Tumebaki mimi, ng'ombe na mchungaji wa kanisa, na mchungaji anaumwa mgongo.

Jana Eliudi alipanda kutoka Moshi. Ndiye kitinda mimba wangu. Kwa hiyo kihamba hiki, yaani nyumba, migomba na kahawa, ni chake nikishakufa. Tatizo anafanya kama nimeshakufa. Kasema Jumamosi ya tarehe 17 anakuja na watu wenye majembe. Akikuta kahawa inaozea chini kama mwaka jana, anang'oa miti yote na kupanda nyanya.

Nyanya! Miti hii nilipanda na baba yake. Mimi nachimba mashimo, yeye anapiga mluzi. Nimemwambia Eliudi nyanya ni zao la watu wasio na subira. Akanywa mtori bakuli mbili, akaondoka.

Na upande wa pili wa mpaka, jirani yangu Eunike ana vijana wanane shambani. Wanane! Wanaimba. Nimemuuliza kawatoa wapi. Kajibu kwa maringo kuwa kawatoa Fesibuku. Nikamwambia sijui kijiji hicho, labda kiko Rombo. Alicheka mpaka akashika mgomba.

Jumanne, 6 Oktoba

Nimekwenda Bomang'ombe, kwenye duka la intaneti la Doris. Binti kaniamkia shikamoo macho yakiwa kwenye kompyuta. Sikuitikia mpaka alipogeuka shingo.

Kumbe Fesibuku ni kama ubao wa matangazo wa kanisa, ila unasomwa na watu wasiokwenda kanisani. Vizuri. Shule sikwenda, kuandika nilifundishwa na kisomo cha watu wazima nikiwa na watoto watano, lakini tangazo naweza kulisema. Nilisema, Doris akaandika:

"Natafuta vijana wa kuchuma kahawa Masama. Wawe wenye nguvu. Wasiwe wavivu kama hawa wa siku hizi. Wasivae suruali iliyoteremka. Wasiwe wanakula sana. Fika kwa Mama Eliudi."

Doris kauliza kama nina uhakika. Nikamwambia, andika mwanangu, ukweli haujamuua mtu. Akasema inatakiwa picha. Kanipiga. Mimi sichekei mashine. Nimetoka kama mtu anayetafutwa na polisi kwa kuiba ng'ombe.

Alhamisi, 8 Oktoba

Nimerudi kwa Doris. Watu thelathini na mmoja wamecheka. Mzee mmoja wa Tanga kaandika kuwa nafanana na marehemu shangazi yake, naye alikuwa mkali. Mchumaji hakuna hata mmoja.

Doris kanieleza taratibu, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Eti vijana hawaitwi kwa matusi. Kanionyesha tangazo la Eunike. Picha ya sinia la ndizi na nyama, na Eunike pembeni kavaa kitenge cha harusi, meno yote nje. Kaandika kuna chakula na muziki kila siku. Mwongo! Nyama ile ni ya kipaimara cha mwaka juzi. Nilikuwepo. Mkono unaoonekana kwenye kona ya sinia ni wangu.

Jumamosi, 10 Oktoba

Nimewaza tangu jana. Nimewaza nikikamua, nimewaza kwenye kwaya, nikakosa kuingia ubeti wa tatu. Ni kitu gani kinamtoa kijana wa Kichagga Dar es Salaam na kumpandisha Masama kabla ya Krismasi? Nyama haimtoi, hata huko ipo. Muziki ndiyo kabisa.

Kihamba. Mwambie kihamba kinagawiwa, atatoka hata hospitali na dripu mkononi.

Nikashuka Bomang'ombe mbio. Tangazo jipya: "Mama Eliudi wa Masama anagawa kihamba wiki hii. Asiyefika mwenyewe na mikono yake asihesabiwe." Doris akaacha kuandika. Kauliza kama nagawa kweli. Nikamwambia nimesema nagawa, sijasema nitamaliza lini.

Akampelekea mjukuu wangu Ndelilio, mtoto wa marehemu binti yangu mkubwa, anayeuza simu Kariakoo. Nimenunua mkate, nimepanda nyumbani. Eunike kaniuliza mbona nacheka peke yangu. Nimemwambia ni gesi.

Jumatano, 14 Oktoba

Leo ni siku ya Nyerere, ofisi zimefungwa. Nilikuwa nimesahau. Wao hawakusahau.

Wamefika kumi na saba! Wajukuu, watoto wa wajomba, na mmoja anayesema baba yake alinyonyeshwa na dada yangu. Ndelilio kaja na futi ya kupimia na miwani ya jua. Wanawake wamevaa viatu vya kwenda ofisini. Nimewakumbatia wote, hata yule wa kiume mwenye hereni. Nimewabariki kwa mate utosini kama bibi yangu alivyotubariki sisi. Wa Dar wakajifuta.

Nimepika kiburu sufuria mbili, ndizi na maharage mpaka juu. Wamemaliza, wamekomba na ukoko. Moyo wangu ulijaa, sitasema uongo hapa. Nyumba ilikuwa na kelele kama zamani.

Kisha Ndelilio kauliza mpaka unaanzia wapi. Nikasema taratibu, babu, kwanza kahawa. Atakayechuma madebe mengi ndiye atachagua wa kwanza, na upande wa mfereji wa maji ndio mzuri. Walinyanyuka kabla sijafunga mdomo. Viatu vya ofisi viliachwa mlangoni vyote.

Ningekuwa waziri mimi.

Alhamisi, 15 Oktoba

Wanachuma! Wanachuma kama wanakimbizwa. Nilikaa jikoni nikimenya ndizi na kumsikiliza Eunike akikohoa kwa wivu.

Mchana akatokea kijana nisiyemjua, mrefu, mwembamba, kikapu mkononi. Kasema anaitwa Fabian wa Kwa Sadala. "Shikamoo Bibi. Nimekuja kwa ajili ya kahawa."

Kwa ajili ya kahawa! Wenzake wanataka kipande cha ardhi, yeye anataka kahawa kabisa! Ndelilio akapiga kelele kuwa huyu si wa ukoo. Fabian! Ukoo wetu wote ni Walutheri, Fabian wa Kikatoliki katoka wapi? Nikamfukuza na kuti la mgomba mpaka barabarani. Alikimbia amekumbatia kikapu.

Jioni nikaenda kukagua shamba. Nikakaa chini kwenye majani.

Wamechuma nyekundu, wamechuma kijani, wamechuma majani. Matawi yamevunjwa. Watoto wa mjini hawajui kuwa kahawa huchumwa punje kwa punje, iliyoiva tu, na mbichi inaachwa hadi zamu yake. Mti wa kwanza kabisa, ule wa marehemu mume wangu, umenyolewa kama jogoo wa Pasaka. Nilimuuliza Ndelilio kwa nini. Kajibu kwa furaha kuwa ana madebe tisa.

Ijumaa, 16 Oktoba

Eunike kaja mpakani kunishukuru. Kunishukuru mimi! Kasema kijana niliyempelekea jana anachuma kuliko wale wanane wote. Fabian. Kumbe alisoma tangazo langu la kwanza. Alimwandikia Doris jibu Jumapili, mimi sijarudi tena dukani: "Bibi, mimi nipo. Suruali yangu haiteremki. Sili sana. Nitafika Alhamisi."

Mtu mmoja Tanzania nzima aliyejibu, na nimemfukuza na kuti!

Nikageuka ili Eunike asinione uso. Ndipo nikaona janga la pili. Ndelilio, aliyekulia hapa mpaka darasa la nne, kakumbuka mambo ya zamani. Kakata vijiti vya isale, mmea wetu wa mipaka, kagawia wenzake. Kumi na saba wamejipimia vipande kwa futi na wamepanda masale katikati ya kahawa yangu, kila mtu pembe zake nne.

Nimepiga kelele. Ndelilio kasema kwa upole, "Bibi, ni ili usije ukasahau." Isale si ua. Likishapandwa kuonyesha mpaka haling'olewi na mtu mwingine, ila yule aliyelipanda. Hapa mlimani, kwa kuogopa laana, mtu ataiba ng'ombe wako kabla ya kugusa isale lako.

Kesho wanarudi Dar na basi la asubuhi. Kila mmoja ameridhika na kipande chake. Nimewafungia ndizi, kila mtu mkungu. Kosa lao kosa lao, njaa ni njaa.

Jumamosi, 17 Oktoba

Waliondoka alfajiri. Eliudi akafika saa nne na watu wanne wenye majembe.

Kaangalia miti. Kaangalia magunia ya kahawa ya kijani. "Mama, huku si kuchuma. Huku ni kunyoa." Nikamwambia makubaliano yalikuwa isiozee chini, na chini hakuna hata punje. Kasema inang'olewa leo leo. Nikasimama mbele ya mti wa mume wangu, nikaukumbatia. Nikamwambia aanze na mimi.

Mkubwa wa wale wachimbaji, mzee wa huku huku Masama, akanyanyua jembe. Akaona isale mguuni pake. Akaona la pili. Akaangalia shamba lote. Akaweka jembe begani.

"Eliudi, shamba hili lina wenyewe wangapi? Mimi nina watoto nyumbani." Wakaondoka wanne wote. Hata chai hawakunywa.

Nilitaka kupiga vigelegele. Eliudi kakaa juu ya gunia. Ikabidi niseme yote: Fesibuku, tangazo, futi, kila kitu. Kisha kasema polepole, "Mama, umenigawa ningali hai?"

Niliinuka nikachukua kisu.

Nilikwenda mpakani kwa Eunike, nikakata jani la isale letu la zamani, nikalifunga fundo, nikampa mwanangu kwa mikono miwili. Ndivyo tunavyoomba msamaha huku. Aliliangalia. Mtu akikataa jani la isale la mama yake atapita barabara gani?

Alilipokea. Akala kiburu. Akala tena.

Lakini kaacha masharti. Kahawa inabaki. Ila kabla ya Krismasi kila isale ling'olewe na mkono uliolipanda pale, la sivyo anaitisha kikao cha ukoo, na mimi nitasimama kuwaeleza wazee maana ya Fesibuku. Na nimeapa, mkono juu ya kitabu cha nyimbo, kwamba sitatangaza tena kugawa kihamba.

Jumapili, 18 Oktoba

Baada ya ibada nimechambua kahawa kwenye mkeka, nyekundu huku, kijani huku. Eunike kaja kusaidia na kunisimanga. Kwa mdomo wake ule vidole vyake ni vyepesi, lazima niseme. Kaja na Fabian. Nimemwomba radhi yule mtoto. Kaniambia haina neno, hata bibi yake ana kuti lake.

Kala sahani tatu. Sili sana!

Kabla ya kuondoka kanipa namba yake ya simu. Kasema nikihitaji mtu wa kupogoa miti na kupeleka samadi, nimpigie tu, na ana kaka zake wawili. Nimetia karatasi kwenye kopo la chumvi.

Jumatatu, 19 Oktoba

Nimempigia Ndelilio. Nimesema ukweli mtupu, maana naapa mara moja kwa mwezi na nataka itoshe. Nimemwambia ulikuwa uongo wa bibi, njooni mng'oe masale yenu. Kauliza kama nimetishwa na Mjomba Eliudi. Kasema nisiogope, wako pamoja nami, na hawang'oi ng'o. Kasema wameshaweka picha ya vipande vyao Fesibuku.

Jumanne, 20 Oktoba

Nimetoka kwa Doris sasa hivi. Sikuwa na njia nyingine.

Nimelala kwenye benchi la duka lake, khanga mpaka kidevuni, macho nimefumba. Doris kapiga picha. Mteja mmoja kavua kofia. Tangazo ni hili: "Bibi yenu wa Masama amelala, hanyanyuki. Anataka kuwaaga. Njooni wote upesi, kila mtu na jembe lake."

Doris kauliza majembe ya nini kwa mgonjwa. Nimemwambia watu wazima wataelewa wenyewe. Wakishafika watang'oa masale, na kwa kuwa majembe wanayo, watachimbia na samadi. Kiapo sijavunja. Kihamba sijakitaja hata kidogo. Na kulala nililala.

Nilimwita Doris aangalie tena kabla sijaondoka. Watu arobaini na sita wanalia. Arobaini na sita, na haijafika saa sita mchana! Eunike abaki na wanane wake.